Punda Hupumzika Ijumaa

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi)

Nazungumza nanyi kutoka Garissa, kando ya mto Tana, mahali ambapo joto huamka kabla ya watu. Ikiwa Biblia yako iko karibu, ifungue katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, uweke kidole hapo. Asiye nayo asihangaike, tutafika pamoja. Lakini kwanza nataka kuwasimulia juu ya daftari la mtoto.

Mwezi uliopita binti mmoja wa kanisani kwetu, mwanafunzi wa Gredi ya 8, alikuja nyumbani jioni na daftari lake la Kiingereza. Mwalimu wao alikuwa amewapa misemo kumi ya Waingereza juu ya mtu afanyaye kazi kwa bidii nyingi. Walitakiwa kueleza maana ya kila msemo, kisha kutunga sentensi juu ya mtu wanayemjua. Binti akaniambia, "Mchungaji, mama amesema nije kwako, kwa kuwa wewe ulisoma chuo cha theolojia." Nadhani mama yake aliamini kwamba mtu aliyepambana na Kiyunani hawezi kushindwa na Kiingereza cha watoto. Nikavaa miwani, tukaanza.

Msemo wa kwanza ulisema kwamba mtu anafanya kazi kama mbwa. Mtoto akacheka. Mbwa wa hapa kwetu hawana kazi yoyote. Ukipita sokoni saa sita utawakuta wamelala chini ya magari. Nikamweleza kwamba kule Uingereza yuko mbwa wa wachungaji wa kondoo, akimbiaye mlimani mchana kutwa, na kwamba yaelekea huyo ndiye waliyemwona waliposema hivyo. Akaniuliza, "Na kwa nini hawakusema kama ngamia?" Nikamjibu kwamba hawakuwa naye. Kila taifa husifu bidii kwa mnyama aliye mlangoni pake.

Tukaendelea. Waingereza husema mtu ameiweka pua yake kwenye jiwe la kunolea, maana yake ameinama juu ya kazi bila kuinua kichwa. Husema pia kwamba fulani amechoma mafuta ya usiku wa manane, yaani alikesha akisoma au kuandika kwa taa. Kazi ya kusugua na kupangusa huiita mafuta ya kiwiko, na hapo binti alicheka tena, akasema mafuta hayo yako tele nyumbani kwao na hayauzwi dukani. Husema mwingine amefanya kazi hata vidole vikafika mifupani. Tena husema mtu ameuwasha mshumaa ncha zote mbili, kwa sababu huchelewa kulala na huwahi kuamka.

Huu wa mshumaa una habari yake. Umo katika kamusi moja ya Kifaransa na Kiingereza iliyochapwa London mwaka 1611, na watu wa nyakati zile waliutumia kumlaumu mtu afujaye mali yake. Mshumaa ulikuwa fedha, na anayeuchoma kwa ncha mbili ni mpumbavu. Miaka ikapita, lawama ikageuka, na leo twausikia ukitajwa kana kwamba ni nusu ya sifa. Mshumaa wenyewe haukubadilika. Bado unakwisha upesi.

Misemo miwili katika ile kumi imetoka katika Biblia, na nilifurahi kumwonyesha mtoto. Mmoja ni ule wa kula kwa jasho la uso, ambao Adamu alielezwa alipofukuzwa bustanini, Mwanzo sura ya 3. Mwingine ni wa kufyatua matofali bila majani makavu. Huo watoka Kutoka sura ya 5: Farao alipoudhika na Waisraeli, aliamuru wasipewe tena majani ya kuchanganya na udongo, wakayatafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali isipungue hata moja. Tazameni, ndugu zangu, jinsi misemo hiyo ilivyoanza. Mmoja ulitoka katika laana na mwingine katika utumwa. Nasi twaichukua, twaifuta vumbi, twampa mfanyakazi wetu kama nishani.

Wa mwisho ulikuwa kazi ya punda. Kwa Waingereza ni ile sehemu ya kazi iliyo nzito na isiyo na sifa, ambayo mmoja huifanya ili mwenzake apate kung'aa. Hapo hatukuhitaji maelezo. Garissa ni mji wa mikokoteni ya punda, nasi twawafahamu wanyama hao kwa jina na kwa sauti. Mfereji ukikauka, ni punda aletaye maji. Hata mahali pabaya pa barabara ile ya kuvuka kutoka Madogo, ambapo mafuriko ya mwaka 2024 yaliikata njia na mashua ikazama na watu wakapotea, panaitwa Kona Punda.

Basi binti akanisomea sentensi yake: "Mama yangu hufanya kazi kuliko punda." Nikamwambia, "Mwanangu, hapo umekosea kidogo. Sema kama punda." Akatikisa kichwa. "La, Mchungaji. Punda hupumzika Ijumaa."

Nikanyamaza. Yule kijana atuleteaye maji, mtaani kwetu sote twamjua. Ni Mwislamu, na mkokoteni wake hubeba mitungi kumi ya lita 20. Hiyo ni kilo 200 za maji, na mtungi na mbao hatujazihesabu. Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, humfungua punda wake, humwagia maji miguuni, humwacha chini ya mwarobaini ulio karibu na geti letu, kisha huenda msikitini. Harudi kumfunga tena hata jua lipungue. Nimeliona jambo hilo miaka yote niliyokaa hapa. Siku moja nilikuwa na haraka ya maji, nikamwomba aniletee safari moja tu. Akasema, "Mzee, huyu leo ameshamaliza." Nikaudhika kidogo, nakiri.

Mtoto huyu naye alikuwa ameliona, akalipima na mambo ya nyumbani kwao.

Niwaeleze habari za mama yake, bila kumtaja jina, maana ananisikiliza. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninyi mlio mbali mnajua kwa redio mambo yaliyowapata walimu wa upande huu: basi la Mandera mwezi Novemba 1914 — nisamehe, Novemba 2014 — ambamo watu 28 waliuawa, na walimu walikuwamo, Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, kisha Kamuthe, Januari 2020, walimu watatu. Baada ya Kamuthe, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu waliokwenda. Nilizika, nikawafariji wajane, najua. Lakini watoto hawakuhamishwa. Mama huyu alibaki, kwa kuwa shule yake iko mjini, na madarasa yaliyoachwa na wenzake yaligawanywa kwa waliobaki. Hayo ndiyo matofali bila majani, wapenzi. Hesabu haikupungua hata moja.

Akitoka shuleni hufika nyumbani kupika, maana mumewe yuko Mombasa kikazi. Usiku husahihisha madaftari. Jumamosi hufua. Jumapili hufundisha shule ya Jumapili, na fedha za kanisa ndiye azihesabuye, kwa kuwa tangu azishike hazijapotea hata senti.

Sasa nitasema kosa langu. Katika siku ya akina mama ya mwaka jana nilihubiri juu ya Isakari, mwana wa Yakobo. Katika Mwanzo 49 baba yake alimfananisha na punda mwenye nguvu alalaye kati ya mizigo. Nilimwita mama huyu mbele, nikamwambia mkutano, "Huyu ndiye Isakari wetu!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Tukampa leso. Kisha, katika ibada ile ile, wakati wa matangazo, nilisoma majina ya kamati mpya ya ujenzi, na jina lake lilikuwamo, mwandishi wa kamati. Leso kwa mkono huu, kamati kwa mkono huu.

Tena kuna jambo baya zaidi. Mstari wa 14 niliusoma kwa sauti kubwa. Mstari wa 15 sikuusoma. Ninyi mwaweza kuusoma wenyewe: huko twaambiwa Isakari aliinamisha bega lake apate kubeba, akawa mtumishi wa kazi za kulazimishwa. Niliuruka kwa sababu haukufaa kwa sherehe.

Nimejiuliza tangu siku ile ya daftari kwa nini sisi wachungaji, na wazee wa kanisa, na wakuu wa maofisi, na waume nyumbani, twapenda sana kuwasifu watu wa kazi. Nadhani ni kwa kuwa sifa ni rahisi. Mtu akilemewa na mzigo kuna mambo mawili ya kufanya: kushika upande mmoja ukamsaidia, au kusimama kando ukasema, "Lo, una nguvu wewe!" La pili halichoshi mkono. Naye mwenye mzigo akishasifiwa huona haya kuutua.

Methali zetu za Kiswahili nazo zatufundisha, tukizisikiliza vema. Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Iko kazi hapo, na jua kali, lakini mwisho kuna kivuli, tena kivuli ni cha yule yule aliyechuma. Sasa weka kando yake ile nyingine tupendayo kuitaja katika harambee: punda afe, mzigo ufike. Angalia vizuri mwenye kusema maneno haya. Si punda. Ni mwenye mzigo. Punda hakuulizwa, na katika methali hiyo hakuna kivuli chake popote. Nimeisikia ikisemwa kanisani mara nyingi, nami nimeisema, na wenye kuisema kwa sauti kubwa mara nyingi ndio waliokaa viti vya mbele.

Punda mwenyewe ametufunza katika miaka hii. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha Kenya ina punda zaidi ya milioni 1.8. Kisha machinjio yakafunguliwa, ngozi zikawa zanunuliwa kwa bei nzuri na kupelekwa China kutengenezewa dawa, wezi wakaingia mabomani usiku. Mwenye mkokoteni aliamka akakuta kamba tu. Hapo ndipo majumba mengi yalipojua thamani ya mnyama yule, mitungi ilipohamia migongoni mwa wanawake. Serikali ilipiga marufuku machinjio hayo Februari 2020, mahakama ikaiondoa marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji huo wa ngozi katika bara zima. Alipokuwapo hakuna aliyemtazama.

Sasa tuirudie Kutoka 23, ulipoweka kidole. Mstari wa 12 unaeleza sababu ya siku ya saba, na sababu ya kwanza itajwayo hapo si ibada. Ni kwamba ng'ombe na punda wapate kupumzika, na mwana wa mjakazi na mgeni wapate kuburudika. Mungu aliyeumba mbingu na nchi alimkumbuka punda kwa jina lake. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14 amemtaja tena. Rudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo ya 23, mstari wa 5: ukimkuta punda wa mtu akuchukiaye ameanguka chini ya mzigo, usipite njia yako, sharti umsaidie mwenyewe kumwinua. Sheria haisemi kitu juu ya kumsifu punda kwa uvumilivu wake. Yasema juu ya mikono yako.

Na liko jambo moja katika ile orodha ya Kumbukumbu lililonisumbua tangu chuoni. Wametajwa wewe, na mwana wako, na binti yako, mtumwa na mjakazi, ng'ombe, punda, na mgeni. Mke hakutajwa. Mwalimu wetu wa Agano la Kale alitueleza kwamba mke yumo ndani ya neno lile "wewe", kwa maana hao wawili ni mwili mmoja. Jibu zuri, nami naliamini hata leo. Darasa zima la wanaume tuliliandika daftarini, kisha tukaenda likizo, tukakaa kungoja chai.

Upande huu wa Kaskazini Mashariki aliishi mwanamke mmoja ambaye mara nyingi namfikiria. Jina lake ni Annalena Tonelli, Mwitaliano, Mkatoliki, si wa kanisa letu. Alifika Kenya mwaka 1969 akafanya kazi Wajir kati ya wafugaji wenye kifua kikuu. Siku zile matibabu yalichukua mwaka mzima na zaidi. Mfugaji hawezi kukaa mahali pamoja muda huo. Mvua ikinyesha kwingine, wanyama wanamwita. Wengi waliacha dawa wakafa. Ingekuwa rahisi kuwahubiria uvumilivu. Yeye aliwaalika wapige kambi karibu naye, na tangu mwaka 1976 wakatibiwa kwa miezi sita, kila mtu akimeza dawa mbele ya macho. Njia ile ilipunguza mzigo wenyewe, na baadaye ilienea mbali kuliko Wajir. Aliuawa Borama mwezi Oktoba 2003. Yeye mwenyewe hakujihurumia hata kidogo, na kwa jambo hilo nisingetaka vijana wetu wamwige. Lakini kwa wengine alijua kupunguza.

Nimalizie habari ya daftari. Sikuisahihisha ile sentensi. Mtoto aliipeleka vile vile, na mwalimu aliiweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, kwa kuwa msemo haukutumika ipasavyo. Ni haki yake, mtihani ni mtihani.

Jumatano yake niliwaita wazee wa kanisa. Niliwaambia nataka kumwondoa mama huyu katika kamati ya ujenzi, na fedha za kanisa zihesabiwe na watu wawili kwa zamu, na shule ya Jumapili ipate mwalimu mwingine hadi mwisho wa mwaka. Mzee mmoja, mtu mwema, akauliza kwa wasiwasi, "Mchungaji, sasa akipumzika yeye, nani atafanya?" Nikamwambia, "Wewe, mzee wangu. Na mimi." Tukatazamana. Hakufurahi, lakini Jumapili ile alikuja na miwani yake na kalamu, akahesabu sadaka, akakosea, akarudia mara tatu. Mimi niliwafundisha watoto habari ya punda wa Balaamu, nikagundua kwamba watoto thelathini katika chumba chenye mabati, saa nne ya Garissa, si mchezo.

Mama mwenyewe nilikwenda kumwona kabla ya hayo, maana si vizuri mtu kuondolewa mzigo kama anayefukuzwa. Nilimwomba msamaha kwa mahubiri ya Isakari. Akasema, "Mchungaji, sikukasirika. Ila leso ile sijapata siku ya kuivaa."

Katika Zaburi ya 127 imeandikwa kwamba ni bure kuamka mapema na kuchelewa kulala kwa kula chakula cha taabu, na kwamba Bwana humpa mpenzi wake hali amelala. Nimeuhubiri mstari huo katika mazishi. Sijakumbuka kuuhubiri kwa mtu aliye hai.

Jumapili ile nilipomaliza na watoto nikaingia kanisani, nikatazama kiti chake. Kilikuwa kitupu. Baada ya ibada nikamwuliza binti, kwa hofu kidogo, kama mama anaumwa.

"Haumwi, Mchungaji," akasema. "Amelala. Nimwamshe?"

Nikamwambia, "Mwanangu, usithubutu."